Nilikuwa Nachora Tu

Zuhura mwanangu,

Umetoka kwenda Biryogo kuwaaga rafiki zako. Mama yako yuko jikoni anakaanga sambusa za safari, kana kwamba kutoka mpaka wa Rusumo hadi Dodoma hakuna mtu hata mmoja anayeuza chakula. Mdogo wako Swaibu ameshaanza kukipima kitanda chako kwa macho, aone kama kitaingia upande wake wa chumba. Mimi nimeambiwa nisiguse begi. Basi nimekaa kwenye meza yangu ya kazi, nimezima kompyuta, nimechukua kalamu. Uvumilie mwandiko. Mtu akishazoea kuandika kwa kubonyeza, kalamu humkimbia mkononi.

Mambo ya pasipoti, cheti cha chanjo, ukae upande gani wa basi na usinunue nini mpakani, mama yako ameshakuambia, na ataendelea kukuambia mpaka dereva awashe gari. Mimi siyarudii. Kuna swali uliniuliza, nikalikimbia, na nimekaa hapa kulijibu.

Wiki mbili zilizopita, mezani, ulituambia umepata kazi Dodoma, kwenye kliniki ya macho inayotoka kwenda kupima watu vijijini. Siku hiyohiyo mimi nilikuwa nimetoka Kiyovu kumwomba rafiki yangu mwenye duka la miwani akuweke kwenye kaunta. Kazi safi, kiyoyozi, dakika chache kutoka nyumbani. Nilikuwa nasubiri tumalize kula nikupe habari njema. Ukanitangulia na yako, na mimi nikasema neno langu lilelile unalolijua: "Wewe bado." Hukulia wala hukubisha. Uliweka kijiko chini ukaniuliza, "Baba, hiyo bado yako iko na mwisho?" Mama yako akaitazama sahani yake. Mimi nikainuka nikasema nakwenda kuswali isha, na wakati wa isha ulikuwa haujaingia.

Tangu siku ile tunaishi kama majirani. Unaniamkia, naitikia, basi. Sitaki uvuke mpaka na swali lile likiwa bado halijajibiwa, maana najua mtu hubeba vitu vya namna hiyo miaka mingi, na begi lako limeshajaa. Ila unanijua mimi, siwezi kujibu kitu moja kwa moja. Lazima kwanza nipitie Masoro.

Kazi yangu ya kutengeneza programu unaijua, maana umeicheka tangu uko sekondari. "Wenzako wote wako kwenye simu, wewe uko kwenye kompyuta za mezani." Cheka tu. Maghala ya Masoro yanapokea mizigo hata siku mtandao umelala, na kurasa anazozitazama mtunza ghala kutwa nzima nimezitengeneza mimi. Lakini hujawahi kukaa nami uone zinavyotengenezwa, na mimi sikuwahi kukuita. Ngoja nikueleze sasa, kwa ufupi, halafu nikuambie nilivyoaibika.

Kuna programu ya kutengenezea programu nyingine. Mimi huiita karakana. Ndani yake unapewa ukurasa mtupu, na pembeni kuna vijenzi: kitufe, kisanduku cha kuandikia, jedwali, orodha ya kuchagulia. Unakivuta kijenzi kwa kipanya, unakiweka ukurasani, unakisogeza, unakipanua, unakipa rangi na jina. Kila kijenzi kina maisha yake. Kinaundwa, kinawekwa mahali pake, kinafunguliwa, kinaonekana, kinafichika kingine kikija mbele yake, kinafungwa, na mwisho kinaondolewa kabisa kwenye kumbukumbu ya mashine. Katika kila hatua unaweza kukiagiza la kufanya. Ufundi wote uko hapo, kujua agizo lipi likae kwenye hatua ipi. Wengine waliusoma ufundi huo vitabuni. Mimi niliusoma kwa kuharibu mali ya watu.

Ulikuwa darasa la nne. Nilikuwa na mteja Masoro, ghala la vigae na masinki, na mkuu wa ghala alikuwa Bwana Faustin, yule mrefu aliyekulia Uganda, anayemwita kila mtu mwalimu. Nilimtengenezea programu ya kuhesabia mizigo, na ndani yake nikaunda kijenzi changu mwenyewe, paneli ya kufungua siku. Ikizaliwa tu asubuhi, inachukua mizigo yote iliyokuwa imepangwa kuondoka, inaandika kwamba imetoka, kisha inaanza tarehe mpya. Nikaliweka agizo hilo kwenye hatua ya kwanza kabisa, pale kijenzi kinapoundwa. Kwa nini nisubiri? Ilifanya kazi vizuri miezi mingi, na mimi nikavimba kichwa.

Halafu Faustin akaniomba nimsogezee kitufe kimoja. Kitufe cha kufuta kilikuwa kimekaribiana mno na cha kuhifadhi, na yeye vidole vyake ni vinene. Kazi ndogo. Nilikuwa nyumbani, na kompyuta yangu ilikuwa imeunganishwa na ya ghala kwa sababu ya marekebisho mengine niliyoyafanya jana yake. Nikaufungua ukurasa kwenye karakana, nikasogeza kitufe, nikaufunga. Sikuridhika, nikaufungua tena nikabadilisha rangi. Mama yako akaniita chai, nikaufunga. Nikarudi, nikaufungua. Unajua nilivyo na rangi.

Simu ikalia.

"Mwalimu, huku iko nini? Makaro yote imetoka!" Vigae yeye huviita makaro, kama Kigali nzima.

"Imetoka kwenda wapi?"

"Nikuulize wewe! Iko hapa, naiona na macho, ntabwo yagiye, haijaenda popote. Lakini mashine inasema imetoka. Na inasema leo ni Jumatano ya wiki ijayo."

Nikaapa. Nikamwambia sijaendesha programu yoyote tangu asubuhi. "Nilikuwa nachora tu, Faustin! Nilikuwa nachora tu."

Nikapanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda Masoro, na njia nzima nilikuwa naamini kosa ni lao. Nilipofika nikakuta malori yamepanga foleni mpaka barabarani, madereva wanapiga honi, wapakizi wamekaa juu ya vigae ambavyo kwa mujibu wa programu yangu havikuwepo. Gaspard, yule niliyekuwa nafanya naye kazi, alikuwa ameshafika. Akanisikiliza nikijitetea kwa muda mrefu, halafu akaniuliza kwa upole, "Ukifungua ukurasa kwenye karakana, ile paneli unaiona?"

"Naiona."

"Sasa utaionaje kama haijaundwa?"

Zuhura, nilitamani ardhi ipasuke. Maana ni kweli. Karakana haikuonyeshi picha ya kijenzi. Inakiunda kijenzi chenyewe, kizima, inakiweka mbele yako ukisogeze. Kila nilipoufungua ule ukurasa nibadilishe rangi, paneli ilizaliwa upya, na ilipozaliwa ilifanya nililoiagiza. Mimi nachezea rangi nyumbani, vigae vya watu vinaondoka Masoro.

Subira, aibu haijaisha. Nikamwambia Gaspard dawa ni rahisi, tuifundishe paneli iulize kwanza: niko karakana au niko kazini? Swali hilo lipo, na karakana hulijibu. Nikaliweka swali palepale, kwenye hatua ya kuundwa. Tukajaribu. Paneli ikajibiwa kwamba iko kazini, ikafungua siku nyingine. Gaspard akacheka mpaka akakohoa. Kumbe kijenzi hujua kwamba kiko karakana pale tu kinapokuwa kimeshawekwa mahali pake. Wakati kinaundwa hakina habari hiyo. Kwake hakuna mazoezi, kikizaliwa kimeanza kazi.

Tulishinda pale tukiurudisha mzigo mmoja mmoja. Faustin aliwanunulia wapakizi Fanta ili wasiondoke, na hakunifukuza. Aliniambia tu, "Mwalimu, siku nyingine ukitaka kuchora, chora na karatasi." Kisa hiki nimekisimulia kwenye harusi na kwenye vikao vya kahawa, na watu huangua kicheko. Umewahi kunisikia. Ila huwa naishia hapo kwenye karatasi, na siku ile haikuishia hapo.

Nilirudi nyumbani jioni nikiwa nimechoka hoi. Wewe siku hizo ukitoka shule ulikuwa unapitia Biryogo kwa Babu yako, pale kwenye cherehani yake barazani, unamtungia uzi kwenye sindano mpaka mama yako akuite. Ulinidaka mlangoni, sijavua hata viatu. Nakumbuka ulivyosimama, umenyoosha mikono yote miwili. "Baba, Babu haoni pembeni. Nikimpa sindano na huu mkono anachukua. Nikimpa na huu hachukui, anauliza iko wapi."

Na mimi, niliyetoka kufundishwa mchana kutwa kwamba kitu kikizaliwa kimeanza kazi, nikakuambia, "Wewe bado mtoto. Babu amechoka tu, macho ya wazee ndivyo yalivyo."

Ulirudia tena, zaidi ya mara moja. Kisha ukaandika herufi kubwa na ndogo kwenye karatasi, ukazibandika ukutani sebuleni, ukamsimamisha Babu mbele yake, umemziba jicho moja kwa kiganja chako. Mimi nikakugombeza kwa sababu gundi ilibandua rangi ya ukuta. Nikasema unacheza daktari. Mtoto anaona jicho la babu yake linazimika, baba yake anaona mchezo na rangi ya ukuta. Najionea haya hata kuyaandika.

Karibu mwaka mzima ulipita ndipo Babu, akitembea kwa miguu, alipoligonga gari lililosimama, mchana kweupe, upande wa kulia, na mimi nikampeleka hospitali. Presha ya macho. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha, la kushoto liliweza kuokolewa kwa dawa. Daktari akauliza kama hakuna mtu yeyote pale nyumbani aliyegundua mapema. Nikasema hakuna.

Wewe ulikuwa umekaa pembeni yangu, umeshika kofia ya Babu mapajani. Ulinisikia. Ukanitazama kidogo, ukaitazama kofia. Hukunisuta siku ile, wala njiani, wala hata siku moja baadaye, hata ulipokuwa unajaza maombi ya chuo na mimi nikakuuliza kwa nini umechagua macho. Ulisema unapenda tu. Nikajifanya nimeamini, kwa sababu ilinifaa kuamini.

Nisamehe, Zuhura. Nalisema waziwazi kwa sababu sitaki ulitafute katikati ya mistari. Nilipaswa kukusikia, na mbele ya daktari nilipaswa kukutaja jina. Babu yako alikufa na jicho moja, na hakuwahi kumlaumu mtu. Alizoea kukaa upande wa kulia wa kila mtu na kusema ni heshima. Lakini mimi najua.

Mama yako akiisoma barua hii atasema nimeanza kuwalinganisha watoto na vitufe. Asiwe na wasiwasi, tofauti naiona. Ila kosa lilikuwa moja. Nilidhani wewe uko karakana na mimi nakuchora. Shule hii, hapana, ile. Rafiki huyu, hapana, yule. Kaunta ya Kiyovu, itakufaa zaidi, nisogeze kidogo, nibadilishe rangi. Nikawa nasubiri siku nitakayosema sasa tayari, aanze kuishi. Na wewe ulikuwa unaishi muda wote huo, kila neno langu kwako lilikuwa la kweli, hukuwa na mahali pa kuliweka kama jaribio.

Kwa hiyo, ndiyo, bado yangu ina mwisho. Mwisho wake ulishapita zamani, siku ile uliyosimama mlangoni umenyoosha mikono, na mimi nikaupita nikaenda kuvua viatu.

Nisikuache ufikiri ilikuwa dharau. Ilikuwa woga. Nilipokuwa na umri kama wako, mwaka ule wa mauaji, niliona watu katika mji huu wakifunga milango yao wakisema watarudi kesho, na milango mingine haikufunguliwa tena na wenyewe. Wewe hukuyaona, na ni heri. Mtu aliyeyaona hayo hutaka kila kitu kijaribiwe mara mia kabla hakijatoka nje. Babu yako aliyaona kama mimi, tena zaidi, na hakuwa hivyo. Mimi alinipa mkasi na kitambaa cha mteja nikiwa mdogo kuliko Swaibu. Nikakata mkono wa shati mfupi kupita kiasi. Mteja alipokuja, Babu akamwambia kwa uso mkavu kwamba mwaka huu watu wanavaa mikono mifupi, akashona na wa pili ulingane. Yule mzee alilivaa lile shati mpaka likachakaa. Sijui kwa nini nilirithi cherehani yake nikaiuza, lakini moyo ule sikuurithi.

Sasa nikuambie jambo jingine, na hili huenda likakukasirisha, lakini nimeshalirekebisha.

Miaka baada ya kisa cha vigae, Faustin alinipigia tena. Kila siku mchana mashine ilikuwa inazidi kuwa nzito mpaka kitufe kikibonyezwa unaweza kwenda kunywa chai. Wao wenyewe walikuwa wameshazoea, ikifika saa ya chakula wanaizima, wanaiwasha upya. "Iko na umri kama mimi, mwalimu," alisema Faustin, "na yenyewe inataka kulala kidogo." Nikakaa nyuma ya Claudine, mtunza ghala, nikamtazama anavyofanya kazi. Anafungua kadi ya bidhaa, anasoma, anaifunga. Anafungua nyingine, anaifunga. Hakuna kosa. Kadi ikifungwa haionekani tena, na mtu hudhani imeondoka.

Haikuwa imeondoka. Kila kadi ilipofunguliwa, mimi nilikuwa nimeiagiza ijiandikishe kwa mlango wa mizigo, kijenzi kinachopokea habari za malori: lori likiingia, niambie. Ilipofungwa, sikuiagiza ijifute. Basi mlango ukaendelea kuishika, na kitu kinachoshikwa hakiwezi kuondolewa kwenye kumbukumbu. Lori likiingia, kadi zote zilizofungwa tangu asubuhi zinaamshwa kule zisikoonekana, zote zinaanza kujihesabu upya, kwa faida ya nani sijui. Ikifika mchana ni umati. Nilirekebisha kwa mstari mmoja: ukifungwa, acha kusikiliza.

Siku ya pili baada ya swali lako, nilimpigia Shangazi yako Mwamini kule Dodoma. Nikampangia kazi. Kila jioni aniarifu umerudi saa ngapi, umekula nini, umesindikizwa na nani. Alikubali kwa furaha kubwa, unamjua dada yangu, kazi hiyo angeifanya hata bila kuombwa. Nikalala vizuri usiku ule, nikijiona baba mwenye akili.

Leo mchana nimempigia tena nikamwambia aache.

"Kaka, umenipa kazi, umeninyang'anya," akasema. "Sasa jioni zangu nifanye nini?"

"Tazama tamthilia."

"Na mtoto akiugua, nisikuambie?"

"Akiugua atasema mwenyewe, mdomo anao."

Kisha akauliza, "Utaweza?" Nikamwambia sijui. Na kweli sijui. Itafika saa mbili usiku nitaitazama simu, na mama yako atanitazama mimi. Lakini nisiposema hivyo nitakuwa nimefunga mlango kwa mkono mmoja na kuushikilia kwa mwingine, na wewe utahisi uzito wa mkono huo kule Dodoma bila kujua unatoka wapi. Ukiwa na hamu ya kuniambia kitu, niambie wewe. Usipokuwa nayo, nitaumia kidogo, halafu nitaendelea na kazi. Shangazi umtembelee kwa sababu ni shangazi yako na anapika vizuri.

Na utakosea huko. Utamwambia mtu jicho lake ni zima nalo si zima, au utamtisha mtu bure. Siku hiyo usijitetee njia nzima kama mimi kwenye moto kwenda Masoro. Nilipoteza muda mwingi barabarani nikitunga maneno ya kuwalaumu wengine, na malori yalikuwa yanasubiri. Hilo ndilo pekee nitakaloliita ushauri, na hata hilo ulilijua kabla yangu.

Kitanda tumempa Swaibu. Ukija likizo atalala sebuleni, nimeshamwambia, na amekubali kwa sharti kwamba umletee jezi.

Nimebakiza jambo moja, na mpaka sasa analijua mama yako tu. Tangu uanze masomo umekuwa ukiniambia presha ya macho hurithiwa, niende nikapimwe, na najua nilivyokuwa nakujibu. Alhamisi, nilipowaambia nakwenda Gatsata kununua kipuri cha gari, nilikwenda kliniki. Wamenipima kwa ile mashine inayopuliza hewa jichoni, nikaruka mpaka muuguzi akaomba msaada. Presha iko juu, jicho la kulia, kama Babu yako. Lakini halijapoteza kitu, Zuhura. Daktari amenionyesha, naona pande zote mbili sawasawa. Amesema nimewahi.

Nimewahi kwa sababu yako, na safari hii nimemwambia daktari hivyo, nikakutaja jina lako na la baba yako na kliniki unayokwenda, mpaka akaniomba nishuke kitini amwite mgonjwa mwingine.

Dawa ni tone moja kila jioni, maisha yangu yote. Mama yako amejaribu kuniwekea siku mbili hizi. La kwanza liliingia sikioni, la pili tukalifuta shavuni, tukacheka mpaka tukaishiwa nguvu. Peke yangu siwezi kabisa, nikiiona chupa inakuja nafumba. Kwa hiyo leo ukirudi kutoka Biryogo, kabla hujalala, njoo hapa kwenye meza yangu. Usinitilie wewe. Nionyeshe namna ya kujitilia mwenyewe, na usiondoke mpaka uone nimeweza.

Baba yako